Mkalimani ashuke katika ndege ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nichangie makala yenu ya hivi karibuni kuhusu misaada ya kimataifa wakati wa maafa. Makala hiyo ilihesabu vizuri tani za chakula, mahema, mbwa wa kunusa na ndege zilizotua, lakini haikusema lolote kuhusu jambo ambalo kila aliyewahi kufanya kazi hizo hulikumbuka kabla ya mengine yote, yaani nani alizungumza na nani, kwa lugha gani, na nani aliachwa nje ya mazungumzo hayo. Naandika nikiwa mtu aliyefanya ukalimani katika misheni kadhaa za uokoaji, kazi niliyoianza kwa bahati tu, kwa sababu nilikuwa karibu na nilizijua lugha mbili zilizohitajika siku hiyo.

Niruhusu nianze na filimbi. Vikosi vya utafutaji na uokoaji vinavyofuata taratibu za kundi la kimataifa lijulikanalo kwa kifupi kama INSARAG, lililoundwa mwaka 1991 chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa kutokana na mafunzo machungu ya tetemeko la Mexico la 1985 na lile la Armenia la 1988, vina lugha yao ya milio. Mlio mmoja mrefu wa sekunde tatu unawaagiza wote wasimamishe kazi na wanyamaze, ili wenye vifaa vya kusikilizia wapate kusikia kama chini ya kifusi kuna mtu anayegonga au anayeita. Mlio mrefu ukifuatwa na mfupi, kazi inaendelea. Milio mitatu mifupi inayorudiwa tena na tena ina maana moja tu: ondokeni, hapa si salama. Ni utaratibu mzuri, nao umetungwa makusudi ili Mjapani, Mturuki na Mbrazili waelewane bila kuhitaji kusemezana.

Siku nilipouona ukitumika kwa mara ya kwanza, tulikuwa kwenye jengo la ghorofa nne lililokuwa limelaliana sakafu juu ya sakafu. Milio mitatu ilipopigwa, waokoaji wa kigeni waliteremka mbio, huku vijana wa mtaa ule, waliokuwa wamechimba kwa mikono yao tangu usiku, wakipanda mbio kuelekea kule kule juu. Wao walidhani wanaitwa wakasaidie, kwa maana kwao filimbi ya harakaharaka ni mwito. Mimi nilikuwa chini, mkononi nina kipaza sauti kilichokwisha betri, na nilipiga kelele hadi koo likakauka. Aliyewarudisha ni mvulana wa miaka kama kumi na sita ambaye asubuhi ile alikuwa amemuuliza mmoja wa wageni, kwa ishara za mikono, filimbi zile ni za nini. Ukuta uliangukia upande wa pili, hakuna aliyeumia, na taarifa ya jioni haikulitaja tukio hilo hata kwa mstari mmoja.

Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna shauri langu lote. Mawasiliano katika misheni hizi yamefikiriwa sana, tena na watu hodari, lakini yamefikiriwa zaidi kama mawasiliano baina ya wageni na wageni. Mwenyeji, ambaye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, huingizwa baadaye, kwa ufupi, na mara nyingi kwa lugha isiyo yake.

Tuchukue Haiti. Tetemeko la 12 Januari 2010 liliyaangusha hata makao makuu ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa mjini Port-au-Prince, likamuua mkuu wa ujumbe huo, Hédi Annabi, pamoja na naibu wake na wafanyakazi wengi, hivi kwamba wale ambao wangeratibu misaada ndio waliokuwa chini ya kifusi. Serikali nayo ilipoteza majengo na watumishi. Uwanja wa ndege ulipowekwa chini ya usimamizi wa Wamarekani, foleni ya ndege ikawa ndefu, na ndege ya Madaktari wasio na Mipaka iliyobeba hospitali ya mahema ya kujazwa upepo ikanyimwa nafasi ya kutua, ikaelekezwa Jamhuri ya Dominika, na shehena yake ikabidi isafirishwe kwa barabara. Haya yalisemwa sana na magazeti wakati ule. Lililosemwa kidogo ni kwamba vikao vya uratibu vilifanyika ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa karibu na uwanja wa ndege, palipohitaji kitambulisho cha kupita getini, na viliendeshwa zaidi kwa Kiingereza, katika nchi ambayo kila mtu huzungumza Krioli na wachache wenye elimu huongeza Kifaransa. Viongozi wa vyama vya Wahaiti, waliojua ni uchochoro gani una watu wangapi, walibaki nje ya geti.

Wakati huohuo, na hili ndilo linalonipa moyo, ujumbe mfupi wa simu uliotumwa na waathirika kwenda namba 4636 ulikuwa ukisomwa na Wahaiti waishio ng'ambo, watu wa kujitolea, ambao waliutafsiri kutoka Krioli, wakaongeza maelezo ya mahali penyewe kwa kuwa walizijua barabara za kwao, kisha wakaupeleka kwa waokoaji. Mtu anayeandika kwamba yuko nyuma ya duka fulani la mkate hatoi anwani ambayo ramani ya setilaiti inaweza kuitambua. Anayemwelewa ni yule aliyewahi kununua mkate hapo. Vikosi vya kimataifa vilitoa watu hai zaidi ya 130 chini ya vifusi vya Haiti, kazi ya kishujaa isiyopaswa kubezwa, lakini wengi waliookolewa walitolewa na majirani zao kabla ndege ya kwanza haijatua. Kila tetemeko lina hesabu ya namna hiyo.

Sisemi kwamba hakuna lililofanyika. Azimio namba 46/182 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Desemba 1991, linatamka wazi kwamba nchi iliyopatwa na maafa ndiyo yenye jukumu la kwanza la kuanzisha, kupanga na kuratibu misaada katika ardhi yake. Mwaka 2005, baada ya udhaifu ulioonekana Darfur na katika tsunami ya Bahari ya Hindi, ulianzishwa mfumo wa kugawa kazi kwa makundi, wa afya kundi lao, wa maji kundi lao, wa makazi kundi lao, na ukajaribiwa mara ya kwanza katika tetemeko la Pakistan la Oktoba mwaka huo. Kabla ya hapo mashirika kumi yangeweza kupeleka vyandarua katika kambi moja na kambi ya jirani ikakosa hata ndoo. Mfumo huo umepunguza vurugu hizo. Hata hivyo umezaa vikao, na anayeketi katika vikao ni yule mwenye gari la kumfikisha, muda wa kukaa, na lugha ya kikao.

Nimewahi kumwona mzee wa eneo lililofurika akikaa kwenye kiti cha plastiki mwishoni mwa hema la uratibu, mfukoni ana karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi orodha ya makambi matatu ya watu waliojihifadhi kwenye vilima, makambi ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote iliyobandikwa hemani. Kikao kilidumu saa moja na robo. Kilizungumzia viwango, vifupisho na fomu mpya. Mzee hakuomba kusema, kwa sababu hakujua kilichokuwa kikisemwa na hakutaka kuonekana anakatiza watu wakubwa. Mimi nilikuwa nimekodiwa na kitengo kingine na nilipita pale kwa shughuli nyingine kabisa. Karatasi ile ilifika kwa mratibu siku mbili baadaye. Mratibu mwenyewe, nikiri, alikuwa mtu mwema aliyekuwa hajalala usiku wa tatu mfululizo, na alipoisoma alishika kichwa.

Wasomaji wa gazeti la Kiswahili wasidhani kwamba hili ni kosa la wenye Kiingereza na Kifaransa peke yao. Wakati wa mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliotangazwa Agosti 2018 na kutangazwa umekwisha Juni 2020, shirika la Watafsiri wasio na Mipaka lilichunguza namna watu walivyokuwa wakipokea maelezo ya kinga, na likakuta kwamba maandishi ya Kifaransa, na hata yale ya Kiswahili sanifu, yaliwapita wengi, ambao walitaka kuelezwa kwa Kinande au kwa Kiswahili chao cha Kongo wanachokizungumza nyumbani. Sisi tunaojivunia lugha yetu kwa upana wake tunapaswa kulipokea hilo kwa unyenyekevu. Neno zuri la kamusi si lazima liwe neno analolijua mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Na ugonjwa ule uligubikwa na uvumi na kutoaminiana kiasi kwamba vituo vya tiba vilishambuliwa. Palipo na uvumi, lugha isiyoeleweka humwongezea msikilizaji sababu ya kuamini kwamba anafichwa jambo.

Kuna wanaosema kwamba siku za mwanzo hazina nafasi ya mambo ya lugha, kwa sababu mtu aliyefukiwa anaweza kufa ndani ya saa chache na kila dakika ni ya koleo na msumeno. Hoja hii nimeisikia kwa masikio yangu kutoka kwa makamanda ninaowaheshimu. Nawajibu kwa mfano wa Uturuki. Katika tetemeko la Agosti 1999 na yale ya 6 Februari 2023, waokoaji walikuwa wakinyamazisha mtaa mzima, mashine zote zinazimwa, kisha mmoja wao anainama kwenye ufa na kuita kwa Kituruki, "Kuna anayesikia sauti yangu?" Wito huo umekuwa maarufu kwao kwa sababu ndicho chombo cha kwanza cha uokoaji, kabla ya kamera na kabla ya mbwa. Sasa yafikirie maeneo hayohayo ya 2023, yaliyokuwa na wasemaji wengi wa Kikurdi na wakimbizi wengi wa Syria wasemao Kiarabu, na vikosi vilivyotoka mabara yote. Mtoto aliyelala gizani kwa siku mbili, ana kiu na hofu, akisikia sauti nzito ya mgeni ikisema asichokielewa, anaweza kunyamaza kabisa. Akiitwa kwa lugha ya mama yake atajibu, au atagonga. Hapo lugha inaokoa dakika.

Na mwathirika akishapatikana, mazungumzo ndiyo yanaanza. Unasikia miguu yako? Uko na nani? Aliye karibu nawe anapumua? Mganga aliyelala kifudifudi kwenye tundu anahitaji majibu hayo kabla hawajaliondoa zege lililombana mtu kwa saa nyingi, kwa kuwa mguu uliobanwa muda mrefu ukifunguliwa ghafla bila maandalizi, sumu iliyojikusanya kwenye misuli huingia katika damu na inaweza kuusimamisha moyo. Maswali hayo hayafai kuulizwa kwa ishara.

Huo ndio uokoaji. Katika misaada ya baadaye kosa la lugha huwa la polepole zaidi na halionekani. Baada ya mafuriko fulani nilimkuta mama amejitenga na foleni, ameshika ukanda wa vidonge vya kutakasa maji, na tayari alikuwa ameweka kimoja kwenye ulimi wa mwanawe aliyekuwa akiharisha. Pakiti ilikuwa na maelezo ya lugha tatu. Hakuna hata moja aliyoijua, na picha ya tone la maji aliielewa kuwa anapaswa kukimezesha kwa maji. Mtoto alikitema kwa sababu kilikuwa kichungu, tukamsukutua, akapona salama. Nilipouliza waliogawa, niliambiwa kwamba maelezo yalitolewa kwa sauti asubuhi, wakati wa ufunguzi. Mama huyo alifika foleni saa nane mchana.

Kuhusu mitambo niseme kwa kifupi. Mkataba wa Tampere, uliopitishwa 1998 na kuanza kutumika Januari 2005, unazitaka nchi wanachama ziondoe vikwazo vya kuingiza na kutumia vifaa vya mawasiliano wakati wa maafa, ili redio na simu za setilaiti zisikwame forodhani zikisubiri leseni. Kimbunga Idai kilipoutenga mji wa Beira, Msumbiji, na ulimwengu usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, nguzo na nyaya zikiwa chini, kila mtu alielewa thamani ya vifaa hivyo. Lakini simu ya setilaiti huunganisha kambi na makao makuu. Haimuunganishi mratibu na mkulima wa bonde la mto Buzi anayesema Kindau. Kwa huyo kinachofaa ni redio ndogo ya betri na mtangazaji anayemfahamu, na ndiyo maana baada ya kimbunga Haiyan kuipiga Ufilipino Novemba 2013, kuwashwa kwa kituo cha redio cha dharura mjini Tacloban ndani ya siku chache kulikuwa msaada kamili kama ulivyo msaada wa mchele.

Wengine wataniambia kwamba siku hizi kuna programu za kutafsiri kwenye simu. Nazitumia, na kwa lugha kubwa zinasaidia. Kwa lugha ndogo, ambazo ndizo nyingi mahali panapopigwa na maafa, zinabahatisha au hazipo, na zinahitaji mtandao ambao ndio wa kwanza kuzimika. Mashine pia haikuambii kwamba mzee amenyamaza kwa adabu, si kwa kuridhika.

Ninachoomba kwa hiyo si kikubwa. Kikosi kinachosafiri kina orodha ya lazima: mhandisi wa majengo, daktari, mtaalamu wa kemikali hatari, watu wa mbwa, mtu wa redio. Mkalimani hayumo kwa jina. Anatafutwa getini baada ya kutua, analipwa kwa siku, hana bima, mara nyingi hana hata kofia ngumu, na asipopatikana hutumika mtoto wa shule aliyejifunza lugha ya kigeni darasani, ambaye ndiye anayelazimika kumtamkia mama yake mdogo kwamba mume wake hakupona. Nimeliona hilo na sitaki kuliona tena. Nchi zinazopeleka vikosi zina raia na wakazi waliotoka karibu kila pembe ya dunia; si vigumu kuwaorodhesha mapema, kuwafundisha filimbi, istilahi za tiba na namna ya kukaa salama juu ya kifusi, na kumpandisha mmoja au wawili katika ndege ya kwanza. Katika kituo cha kupokea vikosi pale uwanja wa ndege, ambapo kila kikosi hujiandikisha na kupewa eneo, kuwe na meza ya lugha kama ilivyo meza ya forodha. Na saa ya kwanza juu ya kila kifusi, dakika tano zitolewe kwa wenyeji waliokuwa wakichimba, waoneshwe milio mitatu ni nini.

Fedha zipo za kufanya hivyo, ikiwa ahadi zitaheshimiwa. Mwaka 2016, katika mkutano wa kilele wa misaada ya kibinadamu uliofanyika Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika walikubaliana kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha iwafikie wenyeji kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipita lengo hilo likiwa mbali. Shirika la mtaa lisilopata fedha haliwezi kumlipa mtu wa kwenda kuketi vikaoni, na kiti chake kikiwa kitupu tunaambiwa kwamba wenyeji hawana mwamko.

Kwenu wahariri nina ombi moja. Safari ijayo mtakapomtuma mwandishi kupokea ndege ya misaada, mbali na kuuliza imebeba tani ngapi, amuulize kiongozi wa msafara ni lugha gani inazungumzwa kule anakokwenda na ni nani kati ya walioshuka anayeijua. Jibu lichapishwe hata kama ni la aibu.

Yule mvulana wa filimbi alipewa kofia ngumu siku ya tatu, kubwa kuliko kichwa chake, akaifunga kwa kitambaa. Hadi misheni inafungwa jina lake halikuwa katika orodha yoyote ya wafanyakazi, ingawa kila kikosi kipya kilipofika kilianza kwa kumuulizia yeye.

Wako,

Mkalimani mstaafu